Mishumaa Arobaini kwenye Plasta

Treni ya mjini ilipovuka kituo cha nne, Shangazi aliingia ugenini kwa mara ya pili. Miaka miwili alikuwa ameishi katika mji ule bila kuvuka kituo hicho. Chuo kilikuwa kituo cha pili, soko cha tatu, chumba chake cha nne, na maisha yake yote yalikwenda na kurudi hapo katikati kama sindano kwenye mshono mmoja. Sasa vilipita vituo ambavyo majina yake aliyajua kwa kuyasoma tu kwenye ramani iliyobandikwa juu ya mlango. Nyumba za ghorofa tatutatu zilipita, nguo zimeanikwa madirishani. Ukapita uwanja wa mpira uliokwisha nyasi golini. Mapajani alikuwa na ndoo ya plastiki, na ndani yake bendeji sita za plasta, mkasi, soksi ndefu ya pamba, penseli ya wino na taulo. Abiria aliyekaa mbele yake aliitazama ndoo, akamtazama mwenyewe, kisha akavuta miguu yake nyuma. Pengine alidhani mle ndani mna samaki.

Ilikuwa Jumanne, na siku hiyo alikuwa anatimiza miaka arobaini. Keki alikuwa ameshakula. Ndiyo iliyomtoa mjini.

Shangazi halikuwa jina lake. Alipoingia darasani mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na minane kati ya vijana wa ishirini na ushei, nao hawakujua wamwiteje. Kumwita kwa jina tupu waliona haya. Kuitwa mama alikataa mwenyewe, akasema mle ndani hakuna aliyemnyonyesha. Wakamuuliza, kwao watoto wa kaka yake wanamwitaje. Akawaambia. Neno wakalidaka, wakalifanyia mazoezi mpaka likakaa ulimini, na tangu hapo hata mtunza stoo, aliyemzidi kwa miaka ishirini, alimwita Shangazi bila kucheka.

Kwao alikuwa mshona mikanda. Nyuma ya jengo la kufulia la hospitali moja ya wilaya kulikuwa na karakana ya miguu ya bandia, na kwa miaka kumi na mmoja yeye alikaa dirishani na cherehani ya ngozi, akishona mikanda ya kuifungia. Miguu yenyewe ilitengenezwa na fundi mmoja. Fundi alipostaafu, mlango ulifungwa, kama unavyofungwa na mtu anayesema narudi sasa hivi, akapotelea huko. Lakini watu hawakuacha kuja. Walikuja na magongo, wengine wamebebwa mgongoni, wengine na mguu wa zamani uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, wote wakamkuta yeye na mikanda yake. Mwaka wa pili wa hali hiyo alimwendea mganga mkuu akamwambia, nipelekeni mimi nikasome. Mganga mkuu alimuuliza ana umri gani. Naye akamuuliza mganga mkuu kama mguu wa bandia huuliza umri wa anayeutengeneza.

Alipelekwa. Alisoma. Somo lenyewe lina vitabu vinene, ila mtihani wake wa mwisho hauna maneno mengi: unatengeneza mguu, mtu anauvaa, anatembea. Baada ya robo saa mtahini anauvua na kuikagua ngozi. Ngozi haijui kumwonea mtu huruma. Mara ya kwanza, miezi sita nyuma, mtahini alikuta doa jekundu kwenye ncha ya mfupa wa mgonjwa wake wa wakati huo, dogo kama kifungo cha shati, akaandika neno moja tu, na Shangazi akarudi chumbani kwake kwa miguu bila kujua amepita njia gani. Ilibaki nafasi moja, Alhamisi ya wiki hii. Ufadhili na kibali cha kukaa vyote vilikuwa vinaisha mwisho wa mwezi. Akishindwa, atarudi dirishani kwenye cherehani yake, na ule mlango utabaki umefungwa. Alilijua hilo, na kila asubuhi alilikumbuka kabla hajafumbua macho.

Siku ya kuzaliwa hakuwa amemwambia mtu. Lakini daftari la mahudhurio lilikuwa na tarehe za watu wote, na vijana walikuwa na mila yao.

Karibu wote katika karakana ya chuo walikuwa wametoka makwao, hawana mama wa kuwapikia wala ndugu wa kuwaimbia. Kwa hiyo, mwenzao akitimiza mwaka, walichukua umbo la plasta lililokwisha kazi kutoka rafu ya chini, rafu ya vitu vya kutupwa, wakalitoboa kwa keekee matundu kadiri ya umri wake, wakalipaka krimu, wakachomeka mishumaa. Mwenye siku yake alipuliza mishumaa ya plasta kwanza, halafu ndipo inaletwa keki ya kuliwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawaimbia wengine mara nyingi, na mara moja ndiye aliyeshika keekee.

Umbo la plasta ndilo roho ya kazi nzima. Unafunga bendeji zilizoloweshwa kwenye kigutu cha mgonjwa, zinakauka, unazivua kama unavyovua soksi, unamimina plasta ndani yake. Likishaganda una kigutu cha plasta mkononi. Hapo unakaa nalo na tupa siku nzima, unapunguza hapa, unaongeza pale, maana juu ya umbo hilo ndipo itakapolazwa plastiki ya moto kutengeneza kikombe, yaani ile sehemu ya mguu ambamo kigutu huingia. Milimita mbili ndizo zinazotenganisha mguu na adhabu. La kwake alikuwa amelimaliza Jumatatu jioni. Rafu ya juu ilikuwa imejaa, tena ina ubaridi, wakati chini ya rafu ya chini lilipita bomba la maji ya moto. Akaliweka chini, pembeni kabisa, likauke upesi. Aliweka yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, walimzunguka wakaimba. Alicheka, akaziba uso kwa aproni, akapuliza, na kwa pumzi ya tatu mishumaa yote arobaini ikazimika. Kisha akapitisha kidole kwenye krimu ili alambe. Chini ya krimu palikuwa na mstari wa zambarau. Akapitisha kidole tena. Ulikuwa mstari wa penseli ya wino, uliopinda kuzunguka kile kichwa cha mfupa kilicho upande wa nje wa goti, na mkono uliouchora ulikuwa wa kwake.

Aliyetoboa ni kijana waliyemwita Ndevu, kwa sababu alikuwa akizisubiri mwaka wa pili sasa na zilikuwa hazijafika. Alikuwa bado ameshika keekee, anatabasamu. Tabasamu lilimtoka polepole alipoona uso wa Shangazi.

"Umetoboa vizuri," Shangazi alimwambia. "Matundu yamenyooka."

Ndevu aliketi sakafuni.

Mkuu wa karakana, mama mwembamba ambaye maneno yake yalikuwa machache kama nyama ya mgeni wa saa nane, alilichukua lile umbo, akalifuta krimu, akaligeuzageuza dirishani. Alisema mtihani hauahirishwi. Alisema pia kwamba kanuni haikatazi kuziba matundu kwa plasta mbichi, na kwamba miaka yote aliyofundisha watu walishaziba makubwa kuliko hayo. Shangazi alimuuliza kama yeye angeziba. Mkuu akajibu kwamba anayetahiniwa si yeye. Lakini alilirudisha umbo mezani kwa namna ya mtu anayerudisha kitu kilichokufa.

Shangazi alilitazama. Plasta mbichi juu ya plasta kavu inaficha. Ukianza kuipiga tupa hujui tena wapi umeongeza na wapi umekwangua, na matundu arobaini si kidonda kimoja cha kutibu, ni ndui. Angepata kikombe cha kubahatisha. Cha kubahatisha alishakitengeneza miezi sita nyuma.

Akaenda kwenye simu, akampigia mgonjwa wake. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kisha akarudi, akaikata ile keki ya kuliwa, akampa kila mmoja kipande, na kikubwa akampa Ndevu, akasimama mbele yake mpaka akatafuna. Chake alikila wima, akiwa anaomba bendeji stoo. Walitaka kufuatana naye, kundi zima, kama wanaokwenda kuomba radhi kwa wakwe. Akawaambia hapana. Mtu asiyependa mwanafunzi mmoja hapelekewi kumi.

Treni ilifika kituo cha mwisho na kuzima taa. Shangazi alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake kama anamfahamu mzee mmoja mpaka rangi, fundi wa kupaka nyumba, mwenye mguu wa bandia. Mama aliuelekeza ufagio barabarani. Alisema anakaa chini, kwenye mlango wa kijani. Yaani leo ni wa kijani, wiki ijayo asimlaumu.

Mpaka Rangi alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi miaka tisa iliyopita, akiwa na ovaroli ileile aliyokuwa amevaa alipomfungulia mlango. Mguu wa kulia uliishia chini ya goti. Kila mwaka, kwa miaka minne sasa, alijitolea chuoni, wanafunzi wakampima na kumtengenezea, na mguu akapewa kama zawadi. Shangazi alimwamkia kwa heshima zote. Mzee alitazama ndoo.

"Alhamisi," alisema. "Tulisema Alhamisi."

Hata hivyo alimkaribisha, maana mtu aliyekuja na treni mpaka mwisho hafukuzwi mlangoni. Jiko lilikuwa na kuta nne za rangi nne. Nyuma ya mlango lilikuwepo pipa refu, na ndani ya pipa miguu minne imesimama, vidole juu. Mzee alimtambulisha kwao mmoja mmoja. Huu unabana. Huu unapwaya. Huu ulimfikisha dukani ukagoma kurudi. Huu hata jina hakuupa. Wa kuvaa kila siku ulikuwa wa zamani, wa fundi aliyekwisha kufa, umechakaa hata rangi imekwisha, na mkanda wake ulikuwa umeunganishwa kwa kamba ya kufungia makopo ya rangi.

Shangazi alimweleza yaliyotokea, hakuficha hata mshumaa mmoja. Mzee alisikiliza, na ilipofika kwenye krimu mdomo wake ulicheza kidogo. Lakini jibu lilikuwa lilelile. Ameshakaa mara moja wiki iliyopita, ameloweshwa, ameganda, ameparuliwa nywele. Tangu aanze kujitolea amefungwa plasta kuliko ukuta. Alhamisi atakuja kama alivyoahidi, atavaa chochote atakachopewa, atatembea mbele ya huyo mtahini, akirudi atakitia pipani. Basi.

"Wote mnanipima," alisema. "Wa kunivisha sijamwona."

Shangazi hakubisha. Aliuomba ule mguu wa zamani autazame tu. Mzee aliuvua akampa, akakaa kwenye kiti cha jikoni, kigutu kimeelekea mlangoni. Kutoka kwenye mfuko wa aproni, ambayo alikuwa amesahau kuivua, Shangazi alitoa nta, uzi na sindano mbili za ngozi. Aliifungua ile kamba ya makopo, akaikata ncha ya mkanda iliyooza, akaanza kushona. Sindano moja ilikwenda, nyingine ikarudi katika tundu lilelile. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka kumi na mmoja na mikono yake haikumhitaji. Mzee, ambaye naye aliishi kwa mikono, alianza kwa kutazama pembeni, akaishia kuvuta kiti.

Ilichukua karibu nusu saa. Mzee aliuvaa mguu, akaufunga, akauvuta mkanda mara tatu kama anayemjaribu mbwa.

"Kushona hivi ulijifunzia wapi?"

"Nyumbani. Huku nimekuja kujifunza kilicho juu ya mkanda."

"Na Alhamisi ukishindwa?"

"Narudi kushona mikanda ya miguu isiyotengenezwa na mtu."

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye mshono mpya wa mkanda. Halafu akauvua tena ule mguu aliokuwa ameuvaa sasa hivi, akauegemeza ukutani, akauliza kama maji yawe ya moto au vuguvugu.

Vuguvugu. Shangazi alimvisha soksi ya pamba kwenye kigutu, akapapasa, akachora kwa penseli ya wino: pia ya goti, ncha ya mfupa wa muundi, kichwa cha mfupa mdogo wa nje. Alama hizo hung'ang'ania plasta, zikahamia kwenye umbo. Alilowesha bendeji ya kwanza, akaikamua, akaanza kuizungusha. Chini ya vidole vyake kano za nyuma ya goti zilikuwa zimekaza kama kamba za kuanikia nguo. Zilikuwa hivyohivyo wiki iliyopita. Alimwambia alegeze mguu. Mzee akasema ameulegeza. Ndivyo alivyosema na wiki iliyopita.

Alikuwa kwenye bendeji ya pili simu yake ilipolia juu ya meza.

Hakuwa na haja ya kuangalia. Kila mwaka, siku hii, mama yake alipiga, na hakumpa hongera wala baraka mpaka kwanza amsimulie upya alivyozaliwa. Hadithi haikukatizwa wala kufupishwa. Mwaka mmoja alisimuliwa akiwa kwenye foleni ya benki. Asipopokea, mama atapiga kwa dada yake, dada atapiga kwa shemeji, na kufikia jioni ukoo mzima utakuwa umeshamlilia. Lakini plasta ilikuwa imeshaanza kushika, na mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Mzee, nisaidie. Bonyeza hapo kwenye kijani."

Mzee alibonyeza, akabonyeza na spika. Sauti ya mama yake ilijaa jiko.

"Nani huyo anapumua?"

"Mgonjwa wangu, mama. Niko kazini."

"Msalimie. Mwambie atulie, nasimulia."

Shangazi aliufikisha ujumbe. Mzee hakuelewa hata neno moja la lugha ile, ila alitulia kama aliyeambiwa na mama yake mwenyewe. Na simulizi likaanza, na Shangazi, huku akizungusha bendeji, akawa anatafsiri vipandevipande, kwanza kwa adabu, baadaye kwa sababu mzee alikuwa anadai.

Baba yake alikuwa juu ya bati siku hiyo, anaziba matundu. Uchungu ulimshika mama saa tano asubuhi, na mkunga alikaa ng'ambo ya korongo. Kitanda cha kumbebea hakikuwepo. Wifi wa mama, mwanamke mwenye mawazo ya haraka, aliangaza macho akaona ngazi. Wakaitwaa, wakaitandika kanga, wakamlaza mgonjwa, wanne wakanyanyua, hao, mbio.

"Subiri," mzee alisema. "Ngazi ipi?"

"Ya baba."

"Na yeye?"

"Alikuwa juu."

Mzee alimtazama. Mama, huko aliko, aliendelea bila kujali. Baba alipiga kelele, watu wakadhani analilia mke wake, wakamsifu kwa mapenzi. Jua likapanda. Alihama na kivuli chembamba cha bomba la moshi, upande huu, upande ule. Saa nane wifi alirudi anakimbia, anapiga vigelegele kuanzia korongoni, akasimama chini ya nyumba akapaza sauti kwamba ni msichana, mzima, ana nywele. Na baba, aliyekuwa amepata binti yake wa kwanza, alichungulia ukingoni akauliza: ngazi iko wapi?

Mzee alicheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka tumboni, kikamtoa machozi, na yeye akajishika kwenye meza asiutikise mguu. Alisema miaka thelathini amekaa juu ya ngazi na hajawahi kuibiwa akiwa juu yake. Alisema huyo baba alikuwa na bahati, mwenyewe angeruka. Kisha pumzi ikamwishia, akajiegemeza, mikono ikamlegea pembeni mwa kiti.

Hapo vidole vya Shangazi vikasimama. Zile kano nyuma ya goti zilikuwa hazipo. Yaani zilikuwepo, ila laini, zimelala kama uzi kwenye kitambaa chenye maji. Nyama yote ya nyuma ilikuwa imeshuka mahali pake. Akaelewa mara moja kwa nini kulikuwa na miguu minne pipani. Kila mwaka mzee huyu alikaa mbele ya mwanafunzi anayetetemeka, akajikaza kama mtu anayeshikilia ngazi, na kila mwaka mwanafunzi alimtengenezea mguu yule mtu aliyejikaza. Akirudi nyumbani akalegea, mguu haumjui. Hata umbo lenye matundu arobaini lilikuwa la mtu huyohuyo. Lingezibwa au lisingezibwa, lingeishia pipani.

"Mama," alisema, "usimalize. Rudia pale pa kivuli."

Mama alishangaa, maana hajawahi kuombwa kurudia. Alirudia kwa furaha, akaongeza na chumvi ambayo miaka mingine haikuwepo. Shangazi alifunga bendeji ya tatu na ya nne, akabana kwa vidole gumba chini ya pia ya goti, pande zote mbili, pale ambapo uzito wa mtu hupaswa kukaa, akashikilia. Plasta ilipata joto, kisha ikapoa. Hakupumua sana. Ilipolia kama chungu kinachogongwa, aliivua, na ndani alama za zambarau zilikuwa zimetoka zote.

Hadithi ilikuwa imefika mwisho. Mama alimwambia sasa ana miaka arobaini, Mungu amzidishie, na je, amekula? Alisema amekula keki. Mama akasema keki si chakula, akakata simu.

Mzee aliuliza huyo mama hupiga siku gani nyingine.

Jioni hiyo karakanani alipima maumbo mawili kwa utepe, la zamani na jipya, mahali palepale chini ya goti. Yalitofautiana kwa sentimita moja na nusu. Aliita Mkuu, akamwonyesha. Mkuu alipima mwenyewe, mara mbili. Kisha alitoa daftari lake na kuandika, jambo ambalo wanafunzi hawakuwahi kuliona.

Jumatano alianza alfajiri na tupa. Alipunguza chini ya pia ya goti, akaongeza kwenye ncha ya mfupa, akafumba macho akapapasa, akapunguza tena. Saa tisa alikuwa tayari kwa oveni. Bamba la plastiki likipikwa sawasawa hugeuka kama kioo na kulegea, na hapo mna sekunde chache za kulilaza juu ya umbo kwa mkupuo mmoja, watu wawili, kabla mashine ya kunyonya hewa haijalivuta likashika. Mtu wa pili ukimchagua vibaya, linakunjana. Wenzake walijitokeza wote. Akamwita Ndevu, aliyekuwa anajificha nyuma ya kabati la viatu.

Ndevu alisema bora achukue mwingine.

"Jana mkono wako haukutetemeka na keekee," Shangazi alimwambia. "Shika upande wa pili."

Akashika. Bamba lilishuka bila kunjo. Ndevu alivua glavu akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Alhamisi saa tatu mtahini alikuwa ameshaketi, saa yake mezani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu visivyo na sauti, hana chuki na mtu, na hilo ndilo lililowaogopesha. Mpaka Rangi alikuja amevaa shati safi. Shangazi alipoanza kumvisha, akaona mikono ya mzee imeng'ang'ania kiti na goti limekaza tena. Alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, ngazi iko wapi? Mzee alipumua kwa pua, na kigutu kikazama kikombeni kwa mlio mdogo wa hewa.

Alitembea kati ya vyuma viwili, akaviacha. Alitembea mpaka dirishani na kurudi. Akapanda vidaraja vitano vya majaribio, akashuka. Ukisikiliza bila kutazama, usingejua mguu upi ni upi. Robo saa ni ndefu. Shangazi alisimama mikono nyuma, akitazama goti na si uso wa mtahini, kwa kuwa kazi ilikuwa kwenye goti.

Mtahini aliuvua mguu, akavuta soksi, akainama. Chini ya pia ya goti palikuwa pamepata wekundu hafifu, pande mbili, palepale vidole gumba vilipobana. Alipabonyeza, pakawa peupe, pakarudi. Akahamia kwenye ncha ya mfupa. Akaitazama kwa miwani, akaitazama bila miwani. Akapitisha kidole. Ngozi ya pale ilikuwa na rangi yake ya kila siku. Alikagua nyuma, akakagua nje, akarudi kwenye ncha. Kisha akaandika, na mara hii aliandika mistari mitatu.

Alimuuliza mgonjwa kama kuna mahali panauma.

"Kusubiri," alisema Mpaka Rangi. "Nirudishie mguu wangu, nina mlango wa kupaka."

Karatasi ya matokeo ilibandikwa mchana. Vijana walitaka kumbeba Shangazi juujuu, akawaambia mwenye kutaka kumbeba atafute ngazi, na hakuna aliyejua anacheka nini. Kabla jioni haijaingia Mkuu wa karakana alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kuna nafasi ya mwaka mmoja, msaidizi wa mafunzo, kibali wangemshughulikia. Alisema wanafunzi wanahitaji kufundishwa kupima mtu aliyelegea. Kwa Mkuu hiyo ilikuwa hotuba. Shangazi alishukuru kwa moyo. Alisema hilo la kulegea ameshaliandika, kurasa mbili, liko juu ya meza ya Ndevu, naye atalifundisha vizuri kuliko yeye, maana hatalisahau. Halafu akauliza kama anaweza kununua tupa mbili za stoo, zile za meno makubwa, kwa kuwa kwao hajui zimebaki ngapi.

Wiki iliyofuata, asubuhi, walimsindikiza stesheni kuu. Alikuwa na sanduku moja la nguo na jingine la vyuma, na la vyuma ndilo lililokuwa zito. Mpaka Rangi naye alikuja, amepanda treni peke yake kutoka kituo cha mwisho. Alisema amepita tu. Ovaroli ilikuwa na madoa mapya ya njano.

Ndevu, aliyekuwa amepewa mzigo wa kupanga wagonjwa wa mwaka unaokuja, aliona nafasi, akamuuliza mzee kwa adabu aandikwe mwezi gani.

"Tafuteni kigutu kingine," mzee alisema. "Changu kimepata nyumba."

Shangazi alimpa mkono. Mzee aliushika, akaugeuza, akauangalia kiganjani kama mtu anayeangalia brashi kabla ya kuilipia, akaurudisha. Alimwomba amsalimie yule mama. Na yule wa juu ya bati, kama bado yupo. Shangazi akasema yupo, ila siku hizi ngazi analala nayo.

Kisha akapanda. Aliyaingiza masanduku mwenyewe, la vyuma kwanza, akapata kiti upande wa pili, wasikoweza kumwona. Milango ikafungwa. Treni ilisita kama iliyosahau kitu, ikaanza kwenda, ikapinda nyuma ya mnara wa maji. Vijana walipunga mikono mpaka behewa la mwisho, ingawa hawakujua kama anawaona. Halafu wote wakageuka kupanda vidaraja vya kurudi mjini, polepole, kwa mwendo wa mzee, ambaye hakutaka kushikwa mkono.